Superman Anapaa, Sawa. Lakini Serengeti Iko Wapi?

Kuna ubishi usioisha vijiweni kwetu. Mmoja anasema katuni za mashujaa ni upuuzi mtupu, maana binadamu hawezi kupaa. Mwenzake anamjibu: "Acha hizo, ni katuni bwana!" Mimi nasema wote wawili wamekosea, na sisi tunaotaka kuandika inatupasa kujua wamekosea wapi.

Tuanze na wa kwanza. Hadithi ya ajabu inaruhusiwa uongo mmoja mkubwa, ule wa kuanzia. Superman alipotokea kwenye kitabu cha katuni mwaka 1938, wasomaji waliambiwa katoka sayari nyingine. Wakakubali, wakakaa kitako kusikiliza. Hata bibi zetu waliposimulia kwamba sungura alisema, hakuna mtoto aliyedai ushahidi. Lakini sungura yule alibaki mdogo, mwenye mbio na mjanja. Hakumbeba tembo mgongoni. Uongo wa kwanza ni mapatano kati ya msimulizi na msikilizaji. Uongo wa pili na wa tatu, ule usiotangazwa, mara nyingi ni uvivu tu.

Ndiyo maana hata huyu wa "ni katuni bwana" simkubalii. Chukua jambo tuliloliona mara mia: binti anaanguka kutoka ghorofani, shujaa anafika sekunde ya mwisho, anamdaka, anatabasamu. Hebu tupige hesabu ya fizikia ya sekondari. Ukianguka mita 100, unafika chini kwa mwendo wa karibu kilometa 150 kwa saa. Kinachoua ni kule kusimama ghafla, ardhi ni kisingizio tu. Sasa mikono ya chuma iliyonyooshwa juu ya lami ina tofauti gani na lami yenyewe? Ili binti apone, shujaa hana budi kushuka naye huku akimpunguzia mwendo taratibu.

Hapo utasema sayansi inaharibu utamu. Wapi! Mwaka 1973, katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man lililoandikwa na Gerry Conway, Gwen Stacy anatupwa kutoka darajani. Spider-Man anamnasa kwa utando wake, anamvuta juu kwa furaha, kumbe amevuta maiti. Baadaye wahariri walieleza kwenye ukurasa wa barua kwamba kule kusimamishwa ghafla ndiko kulikomuua. Miaka zaidi ya hamsini imepita na kifo kile bado kinazungumzwa. Mwandishi alikubali sheria moja ya fizikia, nayo ikampa kurasa ambazo hazisahauliki.

Sasa tazama kosa la aina nyingine. Katika Super Friends, katuni za Hanna-Barbera zilizoonyeshwa Marekani kati ya 1973 na 1985, yumo Apache Chief, Mhindi Mwekundu anayerefuka mpaka kulingana na ghorofa. Galileo alishalieleza tatizo lake mwaka 1638. Ukikuzwa mara 10 kila upande, unene wa mfupa ukiukata katikati unaongezeka mara 100, lakini uzito wako unaongezeka mara 1,000. Kwa hiyo kila mfupa unabeba mara 10 ya ulichozoea. Ndiyo maana mguu wa tembo si mguu wa swala uliokuzwa. Jamaa angevunjika nyonga kabla hajamshika adui.

Hilo mimi namsamehe, kwa kuwa kukua ndio uongo wake uliotangazwa. Nisichosamehe ni neno analotamka ili akue. Linasikika karibu sana na inuksuk, jina la nguzo za mawe za Wainuit, watu wa kaskazini kabisa kwenye barafu. Waapache ni watu wa nchi kavu ya Arizona na New Mexico, zaidi ya kilometa 3,000 kusini. Ni sawa na kumleta Mmasai jukwaani na shuka lake, halafu akitaka nguvu apige ukelele kwa Kizulu. Kosa hili halikuongeza utamu wowote. Linatuonyesha tu kwamba mwandishi hakutegemea kuwa na Mwapache miongoni mwa watazamaji wake.

Na sisi je? Storm wa X-Men alianza mwaka 1975. Profesa Xavier anamkuta Kenya, wanakijiji wanamwabudu kwa sababu anawaletea mvua. Wanakijiji gani? Wakamba? Waturkana? Kurasa zile haziwapi jina. Hadithi yake ya utotoni ikamtoa Cairo kwa miguu hadi Serengeti, safari ya kilometa zaidi ya 3,500 hata ungenyoosha mstari kama ndege, kana kwamba Afrika ni uwanja mmoja wa mpira. Na Serengeti ile, kwa sehemu yake kubwa, iko Tanzania! Mama yake anaitwa N'Dare. Ng'ombe wetu ana sababu ya kuwa na ile alama. Huyu mama kapewa ya nini?

Hata hivyo tumpe haki yake. Storm ana heshima kuliko wengi waliomtangulia, na jina lake, Ororo, Mswahili akilisikia anakumbuka ngozi nyororo. Kilichonikera ni nafasi iliyopotea. Mvua ya milimita 20 kwenye kilometa moja ya mraba ni tani 20,000 za maji. Yametoka wapi? Je, kijiji cha pili kimekaushwa ili hiki kinyeshewe? Hapo pana riwaya nzima, jamani, na mlango wake ni swali la sayansi.

Sasa wenzangu, tusicheke sana. Katika daftari tunazopeana tusome, mashujaa wetu wanapaa juu ya Manhattan ambako hatujafika, au wanapigana "katika kijiji kimoja huko bara" ambako hakuna mto wala kilima chenye jina. Aliyezaliwa huko bara akisoma, atajua mara moja kwamba hukumhesabu. Atalifunga daftari, na atakuwa na haki.

Basi mpe shujaa wako mbawa ukitaka. Lakini akipaa kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, mpitishe juu ya Morogoro, Dodoma, Tabora na Shinyanga kama reli inavyokwenda, au tueleze kwa nini alikata kona. Atlasi ya shule bado ipo. Ifungue kabla hujafungua kalamu.