Mkono Mwepesi Juu ya Chuma cha Zamani

Bastola ya marehemu babu ikifikishwa kwa fundi, kwanza hufunguliwa silinda na kutazamwa vyumba vyote sita. Mrithi ataapa kwamba haina kitu. Fundi atamsikiliza kwa adabu, kisha atatazama tena.

Huko Marekani, bastola hiyo mara nyingi ni Smith & Wesson ya aina ya Military & Police, iliyoanza kutengenezwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1899 na kubebwa na polisi kwa vizazi. Ubavuni ina bamba lililokaa sawasawa hata kiungo chake ni shida kukiona. Hapo ndipo fundi hujulikana. Asiyejua huchokonoa ukingo kwa bisibisi, na jeraha hilo halifutiki. Anayejua hunoa ncha ya bisibisi ijae vizuri mfuo wa skrubu, hutoa skrubu na vibao vya mpini, kisha hugonga fremu polepole kwa kipande cha mti mpaka mtetemo uliinue bamba lenyewe. Naustahi sana uvumilivu huu.

Ndani kuna kazi ya masikio. Nyundo ikivutwa taratibu kwa dole gumba, kidole cha chuma husukuma silinda, na kizuizi cha chini huchomoka kikaingia katika kishimo chake kabla nyundo haijafika mwisho wake. Kikichelewa, chumba hakielekeani na mtutu, na risasi hunyolewa ubavu ikiingia. Fundi husikiliza chumba kimoja kimoja, maana huenda vitano ni vizima na cha sita kimechakaa. Akiweka kidole kipya, hupitisha tupa mara moja, hujaribu, hupitisha tena. Chuma kilichoondolewa hakirudi.

Kisha kutu. Mafundi wa kale walikuwa na njia ninayoistaajabia mpaka leo: chuma husafishwa mafuta yote, hupakwa dawa, huachwa kishike kutu nyembamba, halafu huchemshwa katika maji safi. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi, husuguliwa kwa brashi laini, na kazi huanza upya, tabaka juu ya tabaka, mpaka kutu yenyewe iwe ngao ya chuma.

Hata hivyo, fundi ninayemsifu zaidi ni yule anayejua njia hiyo na bado akamkatalia mrithi anayetaka bastola ing'ae. Weupe ulio mdomoni mwa mtutu uliachwa na ala, miaka babu alipokuwa akiichomoa na kuirudisha. Ukiisugua, kingo hupoteza ukali, herufi za kiwandani hufifia, na mkono wa babu huondoka nazo.

Kuitunza ni kufuta jasho, kupaka mafuta membamba, kuifungia bila risasi, na kutoilaza katika ala ya ngozi, kwani ngozi hunywa unyevu na ina chumvi zilizotumika kuitengeneza. Jambo moja halina mjadala. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, bastola ya aina ya Victory, toleo la vita la bastola hii hii, ilianguka, ikafyatuka na kumuua baharia, na kiwanda kikaunda upya kizuizi cha nyundo vita vikielekea kwisha. Kwa hiyo, kwa bastola iliyotengenezwa kabla ya hapo, fundi humwonya mrithi waziwazi: usiibebe kamwe ikiwa na risasi chini ya nyundo.