Thelonious Monk na Sauti Zilizodhaniwa Makosa

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli, lakini haielezi chema hukaa sokoni muda gani kabla ya kupata mnunuzi. Maisha ya Thelonious Monk, mpiga piano na mtunzi wa muziki wa jazi wa Marekani, yatupa kipimo cha muda huo.

Monk alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1917 katika mji wa Rocky Mount, jimbo la North Carolina. Mwaka 1922 mama yake alihamia New York pamoja na watoto wake, na huko ndiko Monk alikokulia. Alijifunza piano utotoni, akapiga kinanda kanisani, na katika ujana wake alisafiri na mhubiri mmoja akipiga muziki katika mikutano yake. Mapema katika miaka ya 1940 alikuwa mpiga piano wa Minton's Playhouse, klabu ya mtaa wa Harlem. Hapo walikutana usiku vijana kama Dizzy Gillespie, Charlie Parker na Kenny Clarke, na katika michezo yao ulikua mtindo mpya wa jazi ulioitwa bibopu. Wenziwe walisifiwa kwa wepesi wa vidole. Monk hakushindana nao kwa mbio. Wao walimimina sauti, yeye alizidondoa.

Watu wengi walidhani kuwa hajui kupiga. Mara nyingi aligonga kwa pamoja vibao viwili vilivyopakana, sauti zikasuguana. Mara nyingine alinyamaza pale msikilizaji alipotazamia sauti. Je, hayo yalikuwa makosa? Kosa ni jambo limponyokalo mtu bila kukusudia. Atakaye kuamua na asikilize utungo uitwao "Thelonious", uliorekodiwa mwaka 1947. Lahani yake karibu yote husimama juu ya sauti moja irudiwayo, na sauti zilizo chini yake hubadilika hatua kwa hatua, hata ile moja ikasikika kila mara kama ngeni. Katika "Straight, No Chaser" wa mwaka 1951, fungu fupi la sauti hurudi tena na tena, lakini kila lirudipo huanguka mahali pengine pa mapigo, mara limerefushwa, mara limekatwa. Utungo wa namna hii haupatikani kwa kubahatisha. Aliyeutunga aliijua kanuni vizuri, ndipo akajua mahali pa kuikiuka.

Mwaka huo wa 1951 msiba ulimpata. Polisi walikuta dawa za kulevya katika gari alimokuwamo pamoja na rafiki yake, mpiga piano Bud Powell. Monk alikataa kutoa ushahidi dhidi ya rafiki yake. Akafungwa, kisha akanyang'anywa kadi ambayo bila hiyo mwanamuziki hakuruhusiwa kupiga katika klabu za New York zilizouza pombe. Kwa miaka sita mlango mkuu wa riziki yake ulifungwa, na mkewe Nellie alifanya kazi kuitunza nyumba. Hata hivyo Monk hakulainisha muziki wake ili apendwe. Mwaka 1956 alirekodi "Brilliant Corners", utungo mgumu mno hata mabingwa kama Sonny Rollins na Max Roach hawakuweza kuupiga mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ilibidi vipande vya majaribio mbalimbali viunganishwe. Mwaka 1957 kadi ilirudi, akapiga kwa miezi katika klabu ya Five Spot akiwa na John Coltrane kwenye saksafoni. Muziki ulikuwa ni ule ule; kilichobadilika ni masikio. Mwezi wa Februari 1964 picha yake ilitokea katika jalada la gazeti la Time.

Uhakiki wa haki hutaja upungufu pamoja na sifa. Baada ya kupata umaarufu, Monk alitunga nyimbo mpya chache, akazirudia za zamani jukwaa baada ya jukwaa. Tungo zake zote ni kama 70, hali Duke Ellington aliacha zaidi ya elfu moja. Lakini hizo 70 zimeenea mno miongoni mwa wapigaji jazi, na "'Round Midnight" imepigwa na wengi wasiohesabika.

Monk aliacha jukwaa katikati ya miaka ya 1970, akafariki tarehe 17 Februari 1982. Heshima ya pekee ya Pulitzer alipewa mwaka 2006, miaka 24 baada ya kifo chake. Kweli chema kilijiuza, lakini mwenye mali hakuwako kupokea bei. Basi methali ile haimpi msikilizaji ruhusa ya kukaa kitako akingoja. Tukutanapo na sanaa iliyo ngeni masikioni mwetu, tusikimbilie kusema kuwa fundi amekosea. Kwanza tusikilize mara ya pili, tuone kama hilo tuliitalo kosa litarudi mahali pake lilipokusudiwa.