Ukuta, Gome na Ukumbusho: Uchoraji Dhahania wa Wanawake na Istilahi ya Uhakiki

1. Utangulizi

Anayezungumzia uchoraji wa Lubumbashi huanza, kwa kawaida, na majina yale yale. Hutajwa warsha ya Hangar, ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha mwaka 1946, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Hutajwa Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, waliojipatia sifa humo. Kisha hutajwa Tshibumba Kanda-Matulu na wenzake wa miaka ya 1970, ambao tablo zao zilitundikwa katika vyumba vya wageni vya watu wa mjini. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini ni orodha ya wanaume. Wakati huohuo, si mbali sana na mji, katika kijiji cha Makwacha upande wa Kipushi, wanawake hukandika na kuchora kuta za nyumba zao wakati wa kiangazi kwa udongo wa rangi mbalimbali. Kazi hiyo huitwa mapambo, na kwa kuitwa hivyo huondolewa katika orodha.

Makala haya yanahoji uondoaji huo. Hoja yake ni kwamba wanawake wa Kongo ya mashariki na kusini wamechora kwa muda mrefu michoro dhahania, yaani michoro isiyoiga umbo la kitu kinachoonekana, na kwamba kilichokosekana si sanaa yao bali istilahi ya kuijadili. Inapendekezwa kwamba istilahi hiyo imo tayari katika Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe: ni neno ukumbusho.

2. Mapambo na sanaa

Mpaka kati ya mapambo na sanaa haukuwekwa na kazi zenyewe. Bela alisifiwa kwa kuchora kwa ncha za vidole badala ya brashi, na wahakiki waliona katika tendo hilo alama ya kipaji. Mwanamke anayekandika ukuta wake kwa kiganja na kuuchora angali na udongo mkononi hutazamwa kama mtu anayefanya kazi za nyumbani. Mkono ni mkono. Kilichobadilika ni mahali mkono huo unapowekwa, na nani anayeuangalia.

Mfano wa pili ni wa Djilatendo, aliyechora kwa rangi za maji huko Kasai kati ya miaka ya 1920 na 1930. Baadhi ya karatasi zake hazina mtu wala mnyama, bali miraba na mistari inayopishana, na kwa ajili hiyo ametajwa miongoni mwa waanzilishi wa uchoraji dhahania katika Afrika. Lakini mpangilio huo wa miraba unafanana sana na nakshi za vitambaa vya rafia vya Wakuba, ambavyo wanaume hufuma na wanawake hutarizi. Mwanamume aliyeuhamishia mtindo huo katika karatasi amebaki na jina. Waliotarizi kabla yake walibaki kuitwa "Wakuba". Hata vile vitambaa ambavyo Henri Matisse alivitundika katika chumba chake cha kazi nchini Ufaransa vilimfikia bila jina la mtarizi.

Katika Katanga yenyewe kuna jina moja la kike lililookoka. Mwaka 1926 Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliona huko Bukama nyumba zilizochorwa, akampa Albert Lubaki karatasi na rangi za maji. Mke wake, Antoinette Lubaki, naye alichora. Kazi zake zilionyeshwa mjini Paris mwaka 2015, katika maonyesho ya Beauté Congo. Michoro yake si dhahania kwa maana kamili, kwani ndani yake mna viumbe vinavyotambulikana. Hata hivyo inafundisha jambo moja: jina la mchoraji wa kike liliingia katika kumbukumbu pale tu ukuta ulipogeuzwa kuwa karatasi inayoweza kubebwa, kuuzwa na kuhifadhiwa. Ukuta uliobaki ukuta haukuandikiwa jina.

3. Magome ya Ituri

Katika eneo la Kiswahili la Kongo, mfano ulio wazi zaidi wa uchoraji dhahania wa wanawake unatoka mbali na Katanga, katika msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa nchi. Miongoni mwa Wambuti, wanaume hubandua gome la mti na kulitwanga mpaka lilainike na kuwa kitambaa. Kisha kitambaa hupewa wanawake, nao hukichora kwa vidole na vijiti, wakitumia maji ya matunda yaliyochanganywa na masizi ya makaa. Kitabu cha Georges Meurant na Robert Farris Thompson, Mbuti Design, kilichotolewa mwaka 1995, kiliikusanya michoro hiyo na kuitambulisha kwa wasomaji wengi nje ya Kongo.

Mtazamaji anayekutana na vitambaa hivyo kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba mistari imetupwa ovyo. Akitulia, huona vingine. Mstari huanza kujirudia, na jicho likishazoea mwendo wake, hukatizwa. Upande mmoja wa kitambaa husongamana, upande wa pili huachwa mtupu, na utupu huo una uzito sawa na mistari. Wapo waliolinganisha mpangilio huo na uimbaji wa Wambuti, ambamo kila sauti hushika sehemu yake na kunyamaza mahali pake. Ulinganisho huo unakubalika, ilimradi usisahauliwe kwamba mstari una historia yake pia: wanawake hao huchora miili kama wachoravyo magome. Kinachoonekana kitambaani kilianza juu ya ngozi.

Hapa ndipo maisha ya mtu binafsi yanapoingia katika mchoro. Colin Turnbull, katika kitabu chake The Forest People cha mwaka 1961, alieleza sherehe ya elima, ambayo kwayo Wambuti hupokea kwa furaha ukomavu wa msichana, na wanawake wazima humfundisha nyimbo na mambo ya maisha yake mapya. Mchoraji aliyepitia elima, aliyezaa, aliyezika, hachori picha ya msichana wala ya kaburi. Huchora mstari ambao mkono wake umejifunza katika miaka hiyo yote.

4. Hisi ya ndani na mafunzo

Wahakiki wengi wanaopenda kazi za namna hii huzisifu kwa neno moja: zimetoka katika hisi ya ndani. Sifa hiyo ina hatari. Romain-Desfossés naye aliwataka wachoraji wake wachote katika nafsi zao, wala hakupenda kuwafunza kanuni za Ulaya. Lakini wachoraji wa Hangar walipewa warsha, rangi, wanunuzi na majina. Wanawake walipewa sifa ya hisi peke yake, na sifa ikitolewa peke yake huwa njia ya adabu ya kusema kwamba hawakujifunza lolote.

Ulaya imewahi kufanya kosa linalokaribiana na hilo. Hilma af Klint, mchoraji wa Uswidi, alianza michoro yake dhahania mwaka 1906, miaka kadhaa kabla ya ile ya Wassily Kandinsky iliyozoeleka kutajwa kuwa ya kwanza. Kwa kuwa alisema kwamba aliongozwa na sauti za kiroho, kwa muda mrefu hakuhesabiwa katika historia ya sanaa. Kumbe alikuwa amesomea uchoraji katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Stockholm, na alijaza madaftari mengi kwa kuzichunguza kazi zake mwenyewe. Hisi ya ndani si kinyume cha elimu. Ni elimu iliyokwisha kuzama mkononi. Chuo cha mchoraji wa Ituri hakina jengo, lakini kina walimu.

5. Ukumbusho

Katika miaka ya 1970 Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walionyesha kwamba wachoraji wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, walitumia neno ukumbusho kueleza kazi ya tablo. Picha ya askari akimchapa mfungwa chini ya bendera ya Ubelgiji, au ya Mamba Muntu majini, ilikuwa ukumbusho kwa kuwa iliamsha simulizi kwa aliyeitazama. Mifano yote hiyo ina maumbo yanayotambulikana. Kwa hiyo imezoeleka kudhani kwamba pasipo umbo hapana ukumbusho.

Sarufi haikubali dhana hiyo. Ukumbusho linatokana na kitenzi kumbusha, ambacho ni hali ya kutendesha ya kumbuka. Muundo wake, wenye u- mwanzoni na -o mwishoni, unapatikana pia katika majina ya zana: ufagio kutokana na fagia, ufunguo kutokana na fungua. Kwa maana hiyo ukumbusho si nakala ya jambo lililopita bali ni chombo cha kuliamsha. Ufunguo haufanani na chumba unachokifungua, wala hakuna anayeudai ufanane nacho. Mstari wa Ituri na ukuta wa Makwacha, hata visipokuwa na umbo la mtu, vinaweza kufungua.

Kuna pingamizi la haki. Tablo ya Tshibumba humkumbusha yeyote aliyeishi historia ile. Mstari dhahania huwakumbusha wachache waliomjua mchoraji na maisha yake. Ni kweli. Gome lililotundikwa katika jumba la makumbusho la Ulaya, bila jina la aliyelichora, ni ufunguo uliotengwa na mlango wake. Lakini kosa hilo si la gome. Ni la aliyelinunua bila kuuliza jina, na la uhakiki ambao haukuona haja ya swali.

6. Hitimisho

Katika Haut-Katanga mvua huanza kunyesha mwezi wa Oktoba au Novemba, na rangi ya udongo haiwezi kushindana nayo. Kiangazi kinachofuata mwanamke hurudi ukutani. Uhakiki uliozoea kazi zinazodumu huona hapo hasara tu. Ukitazamwa kwa maana iliyoelezwa hapa, ukuta huo ni ukumbusho usiohifadhiwa bali unaorudiwa, na kila urudiaji humdai mchoraji akumbuke upya na aamue upya.

Wajibu wa idara za Kiswahili katika jambo hili ni mdogo, nao unawezekana. Mwanafunzi anayekwenda Makwacha au Ituri na kamera arudi pia na daftari: jina la mchoraji kama apendavyo mwenyewe liandikwe, mwaka, na maneno anayoyatumia kuutaja kila mstari. Picha itahifadhi ukuta wa mwaka mmoja. Maneno hayo ndiyo yatakayomwezesha msomaji wa baadaye kujua ulikuwa ukuta wa nani, na ulifungua nini.