Ngagi Bila Mashahidi: Uhakiki wa Filamu ya Ingagi (1930) na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili nchini Rwanda

Utangulizi

Katika gereji za Gatsata, kando ya barabara itokayo Nyabugogo kuelekea mpaka wa Gatuna, Kiswahili ni mojawapo ya lugha za kazi. Niliwauliza mafundi watatu mnyama mkubwa wa milima ya Birunga anaitwaje kwa Kiswahili. Wa kwanza alisema ni sokwe. Wa pili, aliyepata kufanya kazi Goma, alisema ni ngagi. Wa tatu alicheka, akasema ni gorila, kama kwenye sinema. Majibu hayo matatu ndiyo chanzo cha makala haya, na jibu la tatu ndilo linalotupeleka kwenye kazi tunayoihakiki: filamu ya Kimarekani ya mwaka 1930, ambayo jina lake, Ingagi, ni neno la Kinyarwanda.

Filamu hiyo imekwisha kuhakikiwa kama udanganyifu na kama kielelezo cha ubaguzi wa rangi. Tathmini zote mbili ni za haki. Makala haya yanaongeza hoja ya tatu: kwamba filamu ilichukua neno na kuwaacha wenye neno, na kwamba hatari hiyo ingali nasi tunapounda istilahi.

Zimwi kabla ya mnyama

Simulizi za viumbe vya kutisha katika misitu ya Rwanda ziliandikwa Ulaya kabla Mzungu yeyote hajaikanyaga nchi hii. Katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1863, John Hanning Speke alieleza aliyosimuliwa: kwamba Rwanda kuna mazimwi yasiyoweza kuzungumza na watu, ambayo hujitokeza pale tu wanawake wanapopita, kisha huwakumbatia hadi kuwaua. Speke hakukanyaga Rwanda. Aliandika habari iliyopita vinywa vingi, na hatuwezi kudai kwa hakika kuwa nyuma yake alisimama mnyama tunayemjua leo. Tunaloweza kusema ni kwamba zimwi lile lilikuwa na sifa mbili: halina lugha, na linawatamani wanawake.

Tarehe 17 Oktoba 1902, ofisa wa Kijerumani Robert von Beringe alipiga risasi nyani wakubwa weusi wawili katika mlima Sabyinyo. Mzoga mmoja ulipatikana, ukapelekwa Berlin, na mwaka 1903 mtaalamu wa wanyama Paul Matschie akampa mnyama huyo jina la kisayansi lenye neno beringei. Hivyo mnyama ambaye Wanyarwanda walikuwa na jina lake akaingia katika sayansi kwa jina la mtu aliyemwua. Hata hivyo, tangu hapo alikuwa na mwili, vipimo na makazi yanayojulikana. Tungetarajia zimwi lifie hapo. Halikufa.

Filamu na ushahidi wake

Ingagi ilitolewa na kampuni iliyojiita Congo Pictures, ikatangazwa kuwa kumbukumbu halisi ya msafara wa Mwingereza aitwaye Sir Hubert Winstead. Msafara huo haukuwapo. Sehemu kubwa ya picha zake zilitoka katika filamu ya zamani ya safari ya Lady Grace Mackenzie katika Afrika ya Mashariki. Nyingine zilipigwa Los Angeles. Gorila alikuwa mwigizaji Charles Gemora ndani ya vazi la manyoya. Wanawake wa “kabila” linalomtolea mnyama huyo mwanamke kila mwaka walikuwa waigizaji Wamarekani. Hata kobe alibandikwa magamba na mabawa, akatangazwa kuwa mnyama mpya mwenye sumu. Uchunguzi ulifichua hila hizo, na mwaka 1933 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikazuia filamu hiyo isiendelee kutangazwa kuwa ya kweli.

Mhakiki anapaswa kuuliza: katika uongo wote huo, kitu gani kilikuwa cha kweli? Jibu ni la kushangaza kidogo: jina. Ingagi ni neno sahihi, na maana yake ndiyo hiyo hiyo ya Kinyarwanda. Ukweli wa neno ulitumika kuupa uongo wa picha sura ya ushahidi. Mtazamaji wa Chicago aliposikia neno geni aliamini kwamba aliyelileta alifika lilikotoka. Lakini hakuna mwenye lugha hiyo anayesikika katika filamu. Waafrika wanaonekana, msimulizi peke yake anasema. Zimwi la Speke halikuwa na lugha. Katika filamu, hata majirani zake wamenyang’anywa yao.

Zoezi hilo halikuishia kwenye filamu moja. Mwaka 1931 gorila wawili waliokamatwa mashariki mwa Kongo na msafara wa Martin na Osa Johnson walifikishwa katika bustani ya wanyama ya San Diego. Mmoja aliitwa Mbongo, mwingine Ngagi. Jina la jamii nzima lilifanywa jina la mnyama mmoja, kana kwamba mtu angeitwa Mtu.

Sokwe, gorila au ngagi?

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2017. Tangu hapo, swali la mafundi wa Gatsata ni swali la serikali pia: vitabu vya shule, vibao vya hifadhi na taarifa za habari vitumie neno gani?

Sokwe, kwa matumizi yaliyozoeleka, ni yule ambaye Kinyarwanda humwita impundu, anayeishi Nyungwe. Kumwita wa Birunga kwa jina hilo ni kuwachanganya wanyama wawili ambao nchi hii inawahifadhi katika mbuga tofauti. Gorila ni neno linaloeleweka kote, na hiyo ni hoja nzito. Lakini asili yake si safi kuliko ya filamu. Lilitoka katika simulizi ya kale ya baharia Hanno wa Karthago kuhusu watu wa porini wenye manyoya, wengi wao wanawake, na mwaka 1847 Thomas Savage akalitumia kumtaja mnyama. Neno hilo lilianza kama jina la zimwi.

Ngagi linatii sarufi yetu bila kulazimishwa. Ukiondoa irabu ya mwanzo, ingagi huwa ngagi kama inyama ilivyo nyama na ingoma ilivyo ngoma. Sisemi kwamba jina hulinda mnyama. Majangili nao walilijua. Wala filamu ya 1930 hairuhusu tudhani kwamba neno la wenyeji, peke yake, ni heshima kwa wenyeji. Hilo ndilo funzo lake kuu.

Hitimisho

Tangu mwaka 2005, Rwanda huwapa watoto wa ngagi majina katika sherehe ya Kwita Izina, iliyoigwa kutoka desturi ya kumpa mtoto jina. Ni kinyume cha kilichotendeka San Diego: kila mmoja ana jina lake, na aliyemtaja anajulikana. Ngagi wa milimani, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa kama 250 katika Birunga, sasa wamezidi 1,000 katika makazi yao yote, Bwindi ya Uganda ikiwamo. Mafanikio hayo yana mashahidi: wafuatiliaji, waongozaji na wakulima wa kando ya hifadhi.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa wizara husika. Kwanza, ngagi lisajiliwe kuwa istilahi ya Kiswahili, gorila likibaki kisawe chake, na sokwe liachiwe mnyama wake. Pili, kidahizo hicho kiandaliwe pamoja na wasemaji wanaoishi na mnyama huyo, na maelezo yao yarekodiwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Tukilichukua neno na kuwaacha wao, tutakuwa tumetengeneza Ingagi nyingine, safari hii kwa muhuri wa serikali.