Randa kuukuu husomwa kuanzia mwilini

Anayepata randa kuukuu hukimbilia kisu, kwa kuwa hapo ndipo palipoandikwa jina. Lakini kisu ndicho shahidi dhaifu kuliko wote. Kilinolewa mpaka kikaisha, kikatupwa, kikawekwa kingine chochote kilichopatikana. Mwili ukabaki uleule. Randa moja inaweza kuwa na mwili wa 1912 na kisu cha 1960. Kwa hiyo uchambuzi wa randa uanze na mwili, umalizikie kwenye kisu.

Buhinyuza, huku Muyinga nchini Burundi, utaratibu huu una faida ya pekee, kwani mahali penyewe pako katikati ya njia mbili za zana. Njia ya kwanza ni ya bara la Ulaya: Wajerumani walitawala hadi 1916, Wabelgiji wakashika hadi uhuru wa 1962, na Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kufungua misheni Muyaga mwaka 1898 na Mugera, upande wa Gitega, mwaka 1899. Njia ya pili inapitia mpaka wa mashariki. Ng'ambo yake ni Tanganyika, iliyotawaliwa na Waingereza kwa miaka ipatayo arobaini, na Waingereza walikuwa na Sheffield, mji wao wa viwanda vya zana. Randa ya mbao na randa ya chuma zikikutwa juu ya meza moja ya seremala, si ajabu hata kidogo.

Tuanze na ya mbao. Ikiwa mbele ina pembe iliyopinda ya kushikia kwa mkono wa kushoto, umbo hilo ni la Kijerumani. Ile fupi ya Kifaransa au Kibelgiji kwa kawaida ni gogo tupu lisilo na pembe. Ukitoa kabari, pima kisu kwa vidole: cha kale ni kinene upande wa makali na chembamba upande wa juu. Unene huo una kazi. Mbao inapokisukuma kisu kirudi nyuma, chenyewe huikaza kabari. Kisu cha unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho hakiikazi kabari namna hiyo, na mara nyingi kimeletwa baadaye.

Visu vingi vya kale ni chuma laini kilichounganishwa na bapa la feleji upande wa makali. Ukikinoa utaona mstari unaotenga rangi mbili. Feleji hiyo haifiki mwisho wa kisu. Ikiisha, kilichobaki hakishiki makali hata ukinoe mchana kutwa. Maneno ya Kifaransa "acier fondu" maana yake ni feleji iliyoyeyushwa, na hayataji kiwanda wala mwaka. Alama ya simba ya Peugeot nayo isikuhadae: ilisajiliwa 1858, ikatumika kwenye misumeno, miaka mingi kabla ya gari la kwanza. Jina la Goldenberg linatoka Alsace, jimbo lililokuwa chini ya Ujerumani kuanzia 1871 hadi 1918, kisha likarudi Ufaransa. Hivyo jina hilo peke yake haliwezi kukwambia kama kisu kililetwa na Mjerumani au na Mbelgiji.

Randa ya chuma inasema waziwazi zaidi. Mtindo wake ni wa Leonard Bailey wa Marekani, ambaye biashara yake ilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Fungua kisu, ukiondoe, uchungulie nyuma ya kiegemeo chake. Ukikuta tarehe tatu zimesubiwa kwenye chuma cha mwili, ya mwisho ikiwa Aprili 1910, mwili huo ni wa kati ya 1910 na 1918. Kijiti cha kupeleka kisu kushoto na kulia kilianza mwaka 1885. Randa isiyo nacho huenda ni ya kabla ya hapo, au kimevunjika, kwa hiyo tafuta tundu la pini yake. Kibano cha juu chenye tundu lenye umbo la figo ni cha 1933 au baadaye. Nati isiyo ya shaba pamoja na vishikio vilivyopakwa rangi huashiria miaka ya vita, shaba ilipokuwa adimu. Rangi ya buluu na namba inayoanza na sifuri, kama 04 au 05, ni ya Record wa Sheffield, walioanza kutengeneza randa hizi mwaka 1931.

Namba yenyewe hueleza kazi. Namba 4, yenye urefu wa sentimita 24 hivi, hulainisha. Namba 5, sentimita 36, hufanya kazi zote. Namba 7, sentimita 56, hunyoosha, kwa kuwa mwili mrefu huvuka mabonde na kukata vilima tu. Mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue namba 5.

Umri ukishajulikana, linabaki swali la kazi, na hapa mti ndio hakimu. Mkaratusi na mninga ina nyuzi zinazopishana: ukipiga randa upande huu mbao inanyooka, hatua mbili mbele inachanika. Wengi hulaumu makali. Makali ni nusu ya jawabu; nusu nyingine ni kile chuma cha pili kinacholala juu ya kisu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yamagata, Japani, Kato na Kawai, walipiga filamu ya ukataji huo kwa karibu sana. Ilionyesha kwamba chuma hicho kikisogezwa hadi sehemu chache za kumi za milimita kutoka kwenye makali, maranda hukunjwa kabla hayajang'oa nyuzi zilizo mbele. Basi hakikisha chuma hicho kinagusana na kisu pasipo mwanya. Nuru ikipita kati yao, maranda nayo yatapita na kuziba mdomo.

Mambo mawili huua randa nzuri. La kwanza ni mashine ya kunolea: feleji ya kale ikigeuka buluu imekwisha kupoteza ugumu, na sehemu hiyo haina budi kusagwa yote iondoke. La pili ni kiangazi. Mwili wa mbao hukauka na kusinyaa huku kisu hakisinyai. Kisu kilichobana huupasua kando. Kisu kiwe na nafasi kidogo pande zote mbili, na kabari ilegezwe jioni.

Mkusanyaji na seremala hugombana juu ya kutu. Jibu linategemea mwili. Randa ya kawaida isuguliwe uso wa chini mpaka iguse mbao mbele, karibu na mdomo na nyuma, kisha irudi kazini. Yenye tarehe tatu na vishikio vyake vya asili ipakwe mafuta tu, wala isipigwe msasa. Pamoja nayo iwekwe karatasi inayoeleza ilitoka karakana gani na nani aliitumia, kwani chuma kitakupa mwaka na kiwanda, lakini safari ya randa kutoka kiwandani hadi Buhinyuza inajulikana na wazee waliowahi kuishika, na hao wanapaswa kuulizwa sasa.