Beaujolais: divai ndogo yenye kutupima

Bandugu, juzi tulisherehekea mwenzetu mmoja aliyetetea memwari yake. Mezani kulikuwa bukari, tilapia ya kukaanga na michopo. Katikati, chupa ya Bordeaux, bei yake karibu sawa na kodi ya chumba cha mwanafunzi. Ilikuwa imekaa karibu na dirisha tangu asubuhi, na weye unajua jua la Lubumbashi mwezi wa kumi. Tukakunywa, tukakunja uso, halafu wote tukasema: "Ah, hii njo divai!" Uongo. Hata mimi nilisema uongo.

Ndiyo maana leo ninataka kusema juu ya Beaujolais, divai nyekundu ya kila siku, ambayo wenye kujiita wajuzi wanaipita bila kuisalimu.

Inatoka kwenye vilima vya kaskazini ya mji wa Lyon, Ufaransa. Zabibu yake inaitwa Gamay. Dharau juu yake ni ya zamani: mwaka 1395, Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, aliamuru miti ya Gamay ing'olewe katika inchi yake. Lakini kwenye mawe ya graniti ya Beaujolais ikapata kwao.

Namna ya kuitengeneza njo siri yake. Zabibu zinaingia katika pipa na vishada vyao vizima, bila kupondwa. Uchachu unaanzia ndani ya punje yenyewe. Kwa hiyo divai inatoka na harufu ya matunda, na ule ukali wenye kukausha ulimi unakuwa kidogo tu.

Faida yake unaiona mezani. Bordeaux yenye ukali mwingi, ukiikunywa na samaki, mara nyingi inaacha ladha ya chuma mdomoni. Tena pilipili inazidi kuunguza. Beaujolais haileti vita hiyo. Kule Lyon wanaikunywa na soseji kavu, nyama ya nguruwe, kuku wa kuoka na jibini. Kwa sababu hiyo, kwetu ingefaa kuku wa kuchoma, michopo isiyo na pilipili nyingi, hata ile tilapia. Samaki mwenye mafuta na harufu kali, hapana. Huyo umwachie divai nyeupe.

Iweke kwenye frigo mpaka ifike digrii 12 ao 14. Ile sheria ya "divai nyekundu inakunywewa na joto la chumba" ilizaliwa katika nyumba za zamani za Ulaya, zenye baridi. Chumba chetu cha digrii 30 hakikuwa katika hesabu.

Je, haina kosa? Iko nalo. Ile Beaujolais Nouveau, yenye kutoka Alhamisi ya tatu ya mwezi wa kumi na moja, majuma machache tu kisha mavuno, mara nyingi ni kelele kuliko divai. Nyingine zinanukia ndizi na bonboni, na ladha inaishia hapo. Fujo hiyo iliharibu jina la jimbo lote, hata la vijiji vya Morgon na Fleurie, vyenye kutoa divai ya heshima. Kwa hiyo usinunue kelele pia.

Lakini neno langu si chupa tu. Siye tulisoma ili tujue kupima kitu kwa akili yetu. Kama mbele ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa tunaogopa kusema "hii haifai na samaki," tutasema nini mbele ya mradi mbaya wenye jina kubwa, ao mbele ya mukubwa wa kazi anayekosea hesabu?

Diploma haimlazimishi mtu kukunywa, na asiyekunywa hajapungukiwa kitu. Ila ukionja, onja kweli. Halafu sema kile ulimi wako umesikia.