Mialoni 7,000 ya Kassel: Sanaa ya Nani?

Katika mijadala juu ya sanaa na umma huulizwa mara kwa mara kama kupanda mti kwaweza kuitwa sanaa. Swali hilo ni dogo. Lililo kubwa ni hili: nani alipanda, nani alilipa, na nani anautunza mti huo?

Tuchukue kazi ya Joseph Beuys, msanii wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Mwaka 1982, katika maonyesho ya documenta 7 mjini Kassel, alirundika mawe 7,000 ya basalti mbele ya jumba la Fridericianum. Sharti lilikuwa moja: jiwe lisiondoke pale ila kwa kupandwa mti, nalo lisimikwe kando yake. (Jina la kazi ni la mialoni, ila ilipandwa miti ya aina nyingine pia.) Wenyeji wengi walichukizwa na lundo hilo. Lakini hapo ndipo penye nguvu ya kazi yenyewe. Lundo lilikuwa daftari la hesabu lililofunguliwa uwanjani. Hata asiyesoma taarifa aliliona deni kwa macho yake. Viongozi wangapi wa kampeni za miti wako tayari kuanika deni lao namna hiyo? Sisi tumezoea kuhesabu miche iliyopandwa mbele ya mpiga picha. Iliyokauka haina safu katika taarifa zetu.

Upande wa pili sharti usemwe. Mti mmoja na jiwe lake ulidai mchango wa Mark 500. Beuys alifundisha kwamba kila binadamu ni msanii, na jamii ni sanamu inayochongwa na wote. Kumbe mlango wa kushiriki ulikuwa na bei. Yeye mwenyewe ilimbidi atokee katika tangazo la wiski ya Kijapani ili fedha zipatikane. Sioni unafiki wa mtu hapo. Ni tabia ya ubepari: hata mti wa umma huutafutia mnunuzi.

Beuys alifariki Januari 1986. Mti wa mwisho ulipandwa na mwanawe mwaka 1987, wakati wa documenta 8, na uwanja ukabaki mtupu. Leo miti imeyaacha mawe chini kwa mbali. Wanaopogoa matawi yake ni watumishi wa mji, na vitabu vya sanaa huwataja kwa nadra.